Mwanafunzi wa Thelathini na Moja

Mkojo ulimtoka Qhamani saa nne kasoro, wakiwa wamebakiza watu tisa kufika dirishani pa ofisi ya ruzuku ya walemavu. Haukuwa mwingi. Ulishuka kwenye mguu wa kushoto wa suruali yake ya kijivu, ukaingia kiatuni, ukafurika, ukatanda kwenye sakafu ya saruji. Watu tisa wa mbele na wengi zaidi wa nyuma wakainamia simu zao. Zoleka, mama yake, alikuwa na suruali nyingine mkobani. Alichokosa ni mtu wa kumshikia nafasi kwenye foleni.

Mlinzi akaja.

"Mama, huyu ni mtu mzima. Mtoe nje."

"Nikimtoa napoteza zamu yangu, kaka. Nimetoka Mdantsane kabla hakujapambazuka."

Mlinzi akafikiri, akaenda, akarudi na gazeti la juzi. Zoleka akapiga magoti na kupangusa sakafu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wa binti yake, kwa sababu ukiachiwa ungeanza kujipiga kwenye paji la uso, na ukishaanza ulikuwa hauachi. Qhamani alikuwa na miaka kumi na sita na alishampita mama yake kwa kimo. Alikuwa ameziba sikio moja kwa bega na kutoa sauti yake ile nyembamba, ya mfululizo, kama birika linalokaribia kuchemka. Kila mwaka wa mapitio ya ruzuku ilikuwa lazima mtoto aletwe mwenyewe. Barua ilisema: ili afisa amthibitishe kwa macho.

Afisa aliitwa Ncapayi. Walipofika dirishani alikuwa anakula paja la kuku juu ya makaratasi, na hakuinua macho. Alifungua faili la Qhamani kwa vidole vilevile. Kwenye ripoti ya daktari, pale palipoandikwa usonji, na chini yake maneno uangalizi wa saa zote, pakabaki alama ya dole gumba, ya mafuta, inayong'aa.

"Anasoma wapi?"

Zoleka alieleza. Alikuwa ameshaeleza kwenye madirisha mengi hata maneno yalikuwa yametoboka. Kwamba Qhamani alikaa miaka minne kwenye shule ya mahitaji maalumu mjini, na shule ilimfaa. Alijifunza kwenda chooni kwa saa, kuoga, kupaka mkate siagi, kukaa na wenzake mezani bila kupiga kelele. Kisha msaidizi wa darasa akaacha kazi na hakuletwa mwingine, na watoto kumi na wawili wakawa ishirini na watatu chumba kimoja. Mwezi wa pili wa msongamano ule Qhamani alivunja kioo cha dirisha kwa kichwa. Shule ikaandika barua kwamba ni hatari kwa wengine, akae nyumbani kwa muda mpaka idara ya elimu imtafutie nafasi inayomfaa. Ule muda ulikuwa umefika miezi kumi na minne. Vyote alivyojifunza vilikuwa vimemtoka, kimoja baada ya kingine. Zoleka naye alikuwa ameacha kazi ya kufua shuka hospitalini, kwa kuwa hakuna jirani aliyekubali kubaki na binti yake zaidi ya siku moja.

"Kwa hiyo hasomi," alisema Ncapayi.

"Anasubiri nafasi."

"Hapa hakuna kisanduku cha kusubiri." Akageuza skrini kidogo, kama anayemwonyesha mteja bidhaa. "Kuna shule, au kuna kituo. Nikiacha wazi mfumo haupokei."

"Basi andika kwamba wao ndio waliomtoa."

"Mama, mimi naandika panapoandikika." Alijipangusa midomo. "Leta mhuri wa shule, au barua ya idara ya elimu. Una siku tisini. Anayefuata."

Hakuwa amemwangalia Qhamani hata mara moja.

Ofisi ya elimu ya wilaya iliwaambia kwamba barua haiwezi kutoka bila tathmini mpya ya mtaalamu wa saikolojia. Mtaalamu alikuwa mmoja kwa wilaya nzima na alikuwa likizo ya uzazi. Walipouliza nani anakaimu, dada wa mapokezi alisema hakuna anayekaimu, na akalisema kwa upole, kama habari njema. Kwenye orodha ya kusubiri shule Qhamani alikuwa wa arobaini na mbili. Zoleka alirudi mwezi uliofuata, akakuta ni wa arobaini na nne. Aliuliza inawezekanaje mtu kurudi nyuma. Wakamwambia kuna kesi za dharura.

Siku tisini zikapita na ruzuku ikakatika.

Zoleka alifua nguo za watu uani kwake huku Qhamani akizunguka ndani ya uzio wa waya, mbele na nyuma, mpaka nyasi zikafutika na ukabaki mchirizi wa udongo. Watoto wa mtaani walikuwa wakija kumtazama baada ya shule, wakiwa na sare zao. Nepi za watu wazima ziliisha. Zoleka akakata mashuka. Chakula kilikuwa mahindi ya kupondwa na maharage, ambayo Qhamani hakuyala, kwa sababu alikula mkate mweupe tu na usiwe na kingo. Mkate ukikosekana, siku hiyo hakula kitu. Alipungua mpaka mifupa ya mabega ikaonekana kupitia sweta.

Zoleka alirudi dirishani kwa Ncapayi peke yake. Safari hii alimfungia binti ndani kwa kufuli, dirisha moja likiwa wazi, na hakumwambia mtu yeyote hilo, hata dada yake.

Ncapayi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akashusha sauti, akamuuliza kama anamjua Mama Mchungaji Tyhali, yule mwenye kituo cha watoto wenye ulemavu cha Mikono Wazi. "Ana nafasi," alisema. "Nenda na nakala ya kitambulisho cha mtoto. Mwambie nimekutuma mimi."

Kituo cha Mikono Wazi kilikuwa ukumbi wa kanisa wenye mlango wa chuma na maua ya plastiki kwenye ndoo. Ndani hamkuwa na mtoto. Kulikuwa na spika mbili, viti vya ibada vilivyopangwa ukutani, na harufu ya rangi mbichi. Mama Mchungaji alimkumbatia Zoleka kabla ya kumuuliza jina. Alikuwa mwanamke mnene wa sura nzuri, aliyenukia manukato ya bei, na alimshika mikono muda wote wa mazungumzo.

"Mungu anakuona, Mama Qhamani. Umehangaika."

"Watoto wako wapi, Mama Mchungaji?"

"Wapo kwao. Sina wafanyakazi wa kutosha bado, unaelewa. Serikali inaleta fedha kwa hesabu ya majina, na bila majina siwezi kuajiri. Kwa hiyo tunaanza na majina. Wewe unapata mhuri wako, ruzuku yako inarudi. Mimi sichukui hata senti yako. Nikishaajiri, mtoto anakuja kila siku, gari linamfuata mlangoni."

Rejista ilikuwa daftari kubwa lenye jalada jekundu. Majina yalikuwa thelathini. Mbele ya kila jina, kila siku ya wiki, kulikuwa na alama ya vema, kwa wino mmoja na mkono mmoja, zikiwemo siku ambazo hazijafika. Zoleka aliziona hizo. Ijumaa ya wiki ile ilikuwa bado siku mbili, na watoto wote thelathini walikuwa wameshahudhuria.

Akasaini. Qhamani akawa wa thelathini na moja.

Ruzuku ilirudi mwezi uleule, na mkate ukarudi, na nepi. Gari halikuja. Zoleka aliuliza mara mbili, akajibiwa kwa maombi marefu kwenye simu. Mara ya tatu hakuuliza. Alikuwa na unga ndani na sabuni, na alijisikia kama mtu aliyekula kitu akijua kimeoza, na akakimeza.

Mwezi wa saba tangu asaini, simu ikapigwa kutoka idara ya elimu. Alikuwa dada mwenye sauti ya haraka. Alisema kumepatikana nafasi kwenye shule ya mahitaji maalumu ya King William's Town, yenye bweni, na darasa la watoto tisa. Zoleka alikaa chini kwenye ndoo ya nguo. Yule dada alikuwa anasoma taarifa kwa sauti ili zihakikiwe: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho.

"Lakini hapa naona tayari ana nafasi. Mikono Wazi. Mahudhurio kamili, miezi saba."

"Dada, hiyo si kweli."

"Si kweli vipi?"

Zoleka akafungua mdomo. Uani Qhamani alikuwa anazunguka.

"Maana kama si kweli," aliendelea yule dada, na sauti yake ikawa ya chini zaidi, ya kibinadamu kabisa, "itabidi niandike kwamba mahudhurio ni ya uongo. Hapo watakudai ruzuku yote ya miezi hiyo, na faili linaenda polisi. Unataka niandike hivyo, mama?"

"Nafasi inashikiliwa mpaka lini?"

"Haishikiliwi. Kuna mtoto anayefuata, hana kituo."

Siku ileile Zoleka alikwenda kwa Mama Mchungaji na kumwomba amfute Qhamani kwenye daftari, kwa tarehe ya nyuma, kwa namna yoyote. Mama Mchungaji alilia naye. Machozi yalikuwa ya kweli, yalimharibia wanja. Alisema atamfuta, anaapa, lakini si sasa, kwa sababu mkaguzi anakuja Alhamisi na majina yote lazima yawe na watu. "Nisaidie siku moja, mama. Mlete tu akae. Baada ya hapo nakufutia."

Alhamisi ukumbi ulikuwa shule. Kulikuwa na meza ndogo na viti vya kukodi, ubao, picha za wanyama ukutani, wasichana wanne wa kwaya waliovalishwa aproni za walimu. Watoto thelathini na mmoja walivishwa fulana za njano zenye mikunjo ya dukani. Wengine walikuwa kwenye viti vya magurudumu, wengine wakubwa kuliko walimu wao, na mmoja alikuwa amefungwa kwa kanga ya mama yake kwenye kiti asianguke. Akina mama walisimama nyuma, kwenye ukuta. Hawakuwa wakijuana. Walitazamana mara moja, kisha hawakutazamana tena.

Zoleka alitegemea Qhamani apige kelele. Alikuwa ameshaamua: atakapopiga kelele, ataongea. Lakini Qhamani alimwona msichana wa aproni akigonga ubao, akaona meza, akaenda mwenyewe, akakaa, akanyoosha mgongo. Akaweka viganja vyake juu ya meza. Hakutoa sauti hata moja.

Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani na viatu vya kisigino kifupi, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi. Alihesabu vichwa kwa kalamu. Alipiga picha. Alipofika nyuma kuchukua saini za wazazi, Zoleka alishika kalamu asiandike.

"Mama mkaguzi, mwanangu hasomi hapa. Leo ndiyo mara yake ya kwanza. Hakuna mtoto anayesoma hapa."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Mama aliyesimama kando yake akasogea pembeni hatua moja. Kule mbele Mama Mchungaji aliendelea kutabasamu.

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.

"Najua," alisema.

Zoleka akaishusha kalamu.

"Nina vituo kumi na saba, mama. Nikiandika hilo, hiki kinafungwa kesho, na nyinyi wote thelathini na mmoja mnakatiwa ruzuku keshokutwa. Watoto watakwenda wapi?"

"Hawaendi popote hata sasa."

"Basi hakuna kitakachopungua." Akavaa miwani. "Na wewe umeshasaini miezi saba. Saini na huu."

Fomu iliuliza: Je, mzazi ameridhika na huduma? Palikuwa na visanduku viwili. Zoleka alitia alama kwenye ndiyo kwa haraka hata mstari ukatoka nje ya kisanduku, na mkaguzi, ambaye alipenda kazi safi, akamwomba airudie pembeni.

Kisha mkaguzi na wageni wengine waliingia chumba cha nyuma kula. Wali, nyama ya kondoo, boga la sukari. Harufu ikajaa ukumbini. Ncapayi alikuwemo pia. Zoleka alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, tai ikiwa imetupwa begani isichafuke, akivunja mfupa. Watoto walipewa biskuti mbilimbili na wasichana wa kwaya wakapita wakiwavua fulana za njano, kwani zilikuwa za kurudishwa.

Lori la kampuni ya kukodisha viti lilikuwa limeshafika mlangoni. Akina mama waliondoka upesi, bila kuagana. Vijana wawili wakaanza kubeba meza, mbilimbili, wakipiga mluzi, mpaka ikabaki moja.

Qhamani alikuwa bado amekaa. Alikuwa anaangalia ubao, ingawa ubao nao ulishatolewa, akiangalia ukuta pale ulipokuwa. Zoleka alimwita kwa jina. Akamgusa bega. Akamwambia kwamba wanakwenda nyumbani, kuna mkate. Qhamani alitikisa kichwa na kutamka neno ambalo Zoleka hakuwa amelisikia kutoka kinywani mwake kwa zaidi ya miaka miwili.

"Darasa."

Kijana mmoja akakaribia, akavua kofia.

"Samahani, mama. Hii nayo imo kwenye hesabu yetu."

Yule kijana akamtazama mwenzake, kisha wakashika meza kila mmoja upande wake, wakaiinua taratibu na kwenda nayo. Mikono ya Qhamani ilibaki pale ilipokuwa, viganja chini, juu ya hewa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

Wakarudi, wakasimama nyuma ya kiti chake.