Viti vya Nyuma

Kabla sijafunga mlango wa gari, Marcellin alikuwa amekwishalala chali chini ya pikapu nyekundu, pale kwenye yadi ya kuuzia magari. Ilikuwa na viti viwili tu. Niliviona kupitia kioo, na hasira ikanipanda kooni.

"Hii ina gia za mkono, Mama Précieux," mume wangu alisema kutoka huko chini. "Tutaivuta magurudumu yote manne yakiwa barabarani, na haitaharibika."

"Mtoto atakaa wapi?"

Alikuwa anagongagonga chuma.

Gari letu kubwa, lile lenye kitanda na jiko, tulilinunua kwa sababu yangu. Tukitoka hapa Louisville kwenda Buffalo, nalala kwa mwanangu Précieux bila neno, na mkewe hunipeleka Grant Street kununua sombe, majani ya muhogo. Lakini Whitehall, kule Columbus, ni kwa mkwe. Kwetu mama halali chini ya paa la mume wa bintiye. Basi tunaegesha nje, nalala humo, na heshima inabaki mahali pake. Tatizo ni kwamba nyumba nzima huwezi kuiendesha hadi kliniki. Ndiyo maana tulitafuta pikapu ndogo ya kuvuta nyuma yake.

Binti yetu Alliance amejifungua kwa upasuaji, na kidonda kinakataa kupona. Mumewe Rwema huenda kazini ghalani na gari lao la pekee. Juzi Alliance alitembea kando ya barabara kubwa hadi kituo cha basi, mtoto mkono huu, tumbo mkono ule. Na huku Marekani mtoto hapakatwi garini. Hufungwa kwenye kiti chake, nyuma.

Muuzaji, Patricia, alikuwa akinitazama. Akaniletea kiti chake mwenyewe, kisha akanionyesha kimya pikapu ya kijivu: gia za mkono, viti vya nyuma.

Sikukaa. "Binti yako anatembea na kidonda," nilimwambia Marcellin, "na wewe unapapasa vyuma."

Alitoka taratibu, akajifuta mikono. "Bon. Siku mgongo wangu ukigoma, nani ataendesha, na wewe hujui? Ni Rwema. Wewe na mkweo ndani ya kijigari kimoja? Nilichagua viti viwili ili wewe ukose nafasi, nikulinde."

Maneno hayo yangepaswa kunituliza. Yalizidi kunichoma, ila sasa hasira haikujua tena imwangukie nani. Heshima gani hii, inayonipa godoro laini nje, nisikilize kupitia ukuta mtoto akilia na binti yangu akijikokota kumfuata?

Nikatoa simu, nikampigia Rwema. Sikuwahi kumpigia; maneno yetu hupitia kwa Alliance.

"Rwema, unajua kuendesha gari la gia za mkono?"

Nilisikia mashine za ghala, halafu zikafifia. Alikuwa amesogea pembeni.

"Ndiyo, mama. Nilijifunza kwenye lori, kule kambi ya wakimbizi."

"Basi utaendesha. Mimi nitakaa nyuma na mtoto."

Marcellin aliinamisha kichwa.

"Mama," Rwema akasema polepole, "kile kioo cha katikati nitakigeuza juu. Nisikutazame."

Nilipojibu, sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Kiache kilivyo. Utamwonaje mtoto?"