Basi la Alhamisi Limejaa

Kijiji kizima cha Saint-Amans-le-Haut, huko milimani Ufaransa, kililipenda basi lake, na hakuna aliyelipanda isipokuwa Léontine Fabrègue. Walilipenda kama walivyolipenda kanisa: liwepo, lionekane, mlango wake uwe wazi, ila wao wana shughuli zao. Baraza la mkoa lilipotangaza kwamba linafikiria kulifuta, watu walitundika shuka kubwa mbele ya ofisi ya meya, wakaandika MSITUUE kwa rangi nyekundu, kisha wakateremka mjini Valbrune kuandamana. Waliandamana vizuri, kwa makelele mengi. Kila mmoja alikwenda kwa gari lake, na basi likawafuata nyuma likiwa na Ghislain dereva na Léontine peke yao.

Léontine alikuwa na sababu. Aliacha kuendesha gari siku macho yake yalipoanza kumwonyesha nguzo mbili mahali penye moja. Na kule Valbrune, katika nyumba ya wazee nyuma ya kituo cha treni, aliishi dada yake Célestine. Célestine alikuwa amesahau mengi, jina la marehemu mumewe, mwaka, na kama amekula au bado. Alhamisi hakuisahau. Siku hiyo alivaa koti tangu asubuhi, akakaa mbele ya mlango wa kioo kumsubiri mdogo wake. Walikula pamoja, wakacheza karata, Célestine akiiba waziwazi, na jioni ilipofika maneno yalikuwa yale yale.

"Unanikimbia tena?"

"Sikukimbii, dada. Basi linaondoka."

"Hilo basi lina haraka gani na wewe?"

Mlezi wa pale alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba kipo kitanda cha wageni. Léontine alishukuru na kukataa. Huko Saint-Amans mtu halali nje ya nyumba yake ila kwa msiba au kwa theluji. Madirisha ya mbao yakikutwa yamefungwa asubuhi bila sababu, kufika saa sita mchana kijiji kitakuwa kimeshakuzika, kimekufufua na kukutafutia bwana. Kwa hiyo alimbusu dada yake mashavu yote mawili na kutoka bila kugeuka, maana akigeuka angelia, na Ghislain hakuweza kuona mtu analia bila naye kuanza, na barabara ile ina kona.

Basi likifutwa, hizo Alhamisi zimekwisha. Ndiyo maana katika mkutano wa kijiji, meya Castanier alipomaliza hotuba yake ndefu kuhusu uhai wa mashambani, Léontine alisimama.

"Bwana meya, basi linataka abiria, halitaki hotuba. Watu wa mijini wanapenda kutembea milimani siku hizi. Tuwape njia inayofikika kwa basi."

Wazo lilipita mara moja. Kilichowagombanisha hadi usiku ni chakula cha mchana. Njia ya miguu kati ya Valbrune na Saint-Amans ilikuwepo tangu zamani, inafuata korongo la mto, na swali lilikuwa moja tu: watembezi waimalizie wapi? Maryvonne, mwenye mkahawa, alipiga meza.

"Wakishuka kwa miguu, njaa itawauma wakiwa Valbrune, na watu wa Valbrune watawalia hela zao. Wapande! Washuke kwa basi asubuhi, wapande kwa miguu, wanifikie mimi saa saba wakiwa hoi. Mtu aliyepanda lile korongo atakula hata dengu za jana."

"Zako huwa za juzi," meya alimchomekea.

"Na wewe huwa unaomba kuongezewa."

Ikapitishwa hivyo. Kazi ya kuchora alama ilimwangukia Léontine, kwa kuwa ndiye aliyetoa wazo, na huko mwenye kutoa wazo huadhibiwa kwa kulitekeleza. Alishuka korongoni na kopo la rangi ya njano, akachora mstari kwenye miti na mawe, na mahali pa kupotea akachora msalaba, yaani usipite huku. Maryvonne alimsisitizia achore upande mmoja tu wa kila mti, ule unaotazamana na mtu anayepanda, asije mjanja mmoja akaifuata njia kinyume na kupeleka njaa yake Valbrune. Léontine alitii. Alichora kwa moyo wake wote, magoti yakimlilia, na kila mstari aliuona ni Alhamisi moja imeokolewa.

Na iliokolewa kweli. Yalipofika majira ya machipuko, watembezi walikuja kama nzi kwenye jibini. Walikuja kwa magari, bila shaka. Walipanda mlima kwa magari yao, wakayaegesha bure mbele ya kanisa la Saint-Amans, wakajipongeza kwa kuyatunza mazingira, halafu wakapanda basi kushuka Valbrune ili warudi kwa miguu. Siku waliyoipenda ikawa Alhamisi, kwa sababu mkahawa hupika bata. Baraza la mkoa likaandika kwamba basi la Saint-Amans ni mfano wa kuigwa. Meya alipigwa picha akiwa ameliegemea.

Alhamisi moja Léontine alifika kituoni na mkoba wake wa jibini, akakuta msitu wa fimbo za kutembelea. Ghislain alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka.

"Bibi Léontine, limejaa."

"Limejaa nini?"

"Watu. Wameshika viti vyote kwa simu tangu Jumatatu."

"Nitasimama, mwanangu. Nimesimama misa nzima Jumapili."

"Kwenye kona zile hakuna kusimama. Kila mtu na mkanda wake, ndiyo sheria. Nitafukuzwa kazi." Macho yake yalikuwa yameshaanza kujaa.

Watembezi waliinama wakakagua kamba za viatu vyao. Mlango ukafungwa, basi likaondoka, na Léontine akabaki kituoni akitukana kwa lugha ya bibi yake, ambayo ina matusi ya kutosha.

Alimwendea meya. Castanier alimsikiliza kwa huruma, mkono kifuani.

"Kiti kimoja tu," Léontine alisema. "Andika, kiti cha Alhamisi, cha Fabrègue."

"Mama, hapo utaniweka pabaya. Huo utakuwa upendeleo. Hii ni Jamhuri, na mbele ya basi raia wote ni sawa."

"Lilipokuwa tupu sikuuona usawa wenu hata mmoja humo ndani."

"Nitakupeleka mwenyewe kwa gari langu! Alhamisi ijayo, nakuahidi."

Alhamisi iliyofuata meya alikuwa na wageni kutoka mkoani, waliokuja kujifunza jinsi kijiji kidogo kinavyookoa basi lake. Jioni simu ya Léontine ililia. Alikuwa mlezi wa Valbrune. Alisema Célestine alikaa mlangoni na koti lake mchana kutwa, akakataa kula, na walipotaka kumvua koti aliuma mtu.

Léontine aliweka simu chini na kulia, si machozi ya adabu, ni kilio cha kwikwi. Basi aliliokoa kwa mikono yake, likamwacha kituoni mbele za watu. Alipomaliza kulia akafuta pua, akaingia stoo na kutikisa lile kopo la rangi. Ilikuwa imebaki ya kutosha.

Siku zilizofuata alishuka korongoni kila asubuhi, akachora upande wa pili wa kila mti na kila jiwe, ule unaotazamana na mtu anayeshuka. Chini kabisa, pale njia inapoanzia Valbrune, aliwachorea wapandaji msalaba mkubwa, mzuri, wa njano. Watembezi wa Ufaransa watabishana na polisi, daktari na mke, lakini alama iliyochorwa kwenye mti hawabishani nayo. Walioshuka asubuhi kwa basi waliuona msalaba, wakashauriana, wakarudi juu kwa teksi, na habari zikaenea kwamba njia imegeuzwa. Alhamisi iliyofuata watu waliegesha mbele ya kanisa, wakaiona mistari na kuondoka zao kwa miguu kuelekea bondeni, njaa yao wakaibeba hadi Valbrune. Basi la asubuhi lilishuka na Ghislain na Léontine peke yao. Maryvonne alitoka mlangoni pa mkahawa, kijiko cha mchuzi mkononi, akapaza sauti kuuliza ni shetani gani amepita korongoni.

Célestine alimwona mdogo wake akiingia. Alimshika mkono wa koti akakataa kuuachia hadi supu ilipoletwa. Alikula sahani mbili. Kisha akaiba karata kuliko siku zote.

Jioni Léontine alikwenda kituoni. Watembezi wote walikuwepo, wekundu kwa jua na kwa divai ya Valbrune, wakisubiri kupandishwa hadi kwenye magari yao. Ghislain alimpungia mkono kwa shangwe. Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameweka begi lake na kofia yake.

"Safari hii nimekushikia, Bibi Léontine! Wakinifukuza na wanifukuze. Panda upesi."

Léontine alikitazama kile kiti. Nyuma yake mama mmoja mnene alikuwa amevua buti moja na kushika ukuta, kisigino kimechunika.

"Mpe huyu," Léontine alisema.

"Bibi, hakuna kingine! Limejaa kweli."

"Limejaa?"

"Pomoni."

"Sema kwa nguvu, mwanangu, wakusikie hawa watu. Na kesho kule Saint-Amans wakikuuliza mbona madirisha yangu yamefungwa, waambie wewe mwenyewe."

"LIMEJAA!" Ghislain alipaza sauti, asielewe kitu, na machozi yakamtoka.

Célestine alikuwa bado amekaa mbele ya mlango wa kioo. Hakuwa ameagizwa kusubiri, na hakuna aliyejua alikuwa akisubiri nini. Alimwona mdogo wake anarudi na mkoba wake, akakunja uso.

"Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Basi limejaa, dada. Sina pa kwenda."

Célestine alifikiri sana. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Wiki ijayo je?"

"Litajaa pia," alisema Léontine, akatoa mkobani gauni lake la kulalia, lililokunjwa vizuri tangu asubuhi chini ya jibini.