Saa ya Moscow

Karatasi aliileta Sapar, msimamizi wa wachungaji, siku ya Jumatatu, akaibandika kwa gundi ya unga kwenye mlango wa kibanda chake, kana kwamba hapo Kisima cha Saba palikuwa na mji mzima wa kuisoma. Walikuwapo watu wanne tu. Sapar mwenyewe, Orazaly, mchungaji wa miaka sitini na miwili, Tursyn, mchimba visima, mdogo wa marehemu mke wa Orazaly, na Bibish, mke wa Tursyn. Waliobaki walikuwa kondoo elfu na mia mbili wa shamba la serikali, na hao hawasomi.

Karatasi ilisema kuanzia Alhamisi hiyo ndege mpya ya abiria, ile inayokimbia kuliko sauti yake yenyewe, itapita juu ya malisho hayo ikitoka Moscow kwenda Alma-Ata. Itapita saa nne. Mifugo izuiwe isitawanyike, na mtu yeyote asiwe ndani ya kisima.

"Mbona majira yote ya baridi haikupita huku?" akauliza Orazaly.

"Ilipita kaskazini. Ikavunja vioo vya shule na vya ofisi ya chama, wakubwa wakaisogeza. Wametazama ramani wakaona huku hakuna watu."

"Na sisi?"

"Sisi kwenye ramani ni kisima, mzee."

Tursyn alicheka mpaka akakohoa. Orazaly hakucheka. Alikuwa na neno lake na ndege. Miaka miwili nyuma, mkewe Kulpash alipolala siku tano na tumbo gumu kama ubao, aliomba ile ndege ndogo ya daktari, ndege ya kupandwa na watu watatu, na ofisi ikajibu kwamba mafuta hakuna. Kulpash alikufa siku ya sita asubuhi, akiwa ameshika mkono wa mumewe na kumwambia neno moja tu, kwamba Tursyn hana ndugu mwingine ila yeye. Sasa mafuta yamepatikana. Yamepatikana ya kumfikisha bwana mkubwa Alma-Ata kwa saa mbili badala ya nne, ili akale chakula cha mchana huko.

"Shemeji, usiikunjie uso ndege," Tursyn akamwambia. "Haijakufanya kitu."

"Wewe chimba kisima chako."

Kisima kilikuwa kimejaa mchanga. Maji yalitoka ya matope, ndoo moja kwa saa nzima, na ilikuwa wiki ya kuzaa. Kondoo jike asiyekunywa hana maziwa, na kila asubuhi Orazaly aliokota wana-kondoo wawili watatu waliokauka wakiwa bado na kitovu. Kila siku Tursyn alishuka pima nane kwenda chini, akijaza mchanga kwenye ndoo ya ngozi, na ngamia akauvuta juu.

Alhamisi ilipofika walitii. Kabla ya saa nne walikusanya kondoo bondeni, wakamfunga ngamia magoti, wakakaa mbali na kisima wakinywa chai ya maziwa na maandazi ya Bibish. Saa nne ikafika kwenye saa ya mkononi ya Sapar. Mbingu ilikuwa tupu. Saa tano, tupu vile vile.

"Imeharibika," akasema Sapar. "Mpwa wangu anafagia uwanja wa ndege. Anasema leo inaruka, kesho haitoki. Ukungu ukiwa Alma-Ata, haiondoki Moscow kabisa, kwa sababu inafika matenki makavu na haina mafuta ya kuzungukazunguka kutafuta pengine pa kutua. Taa nyekundu ikiwaka, abiria wanashushwa na kupandishwa ndege ya kawaida. Na wakiwa ndani hawasikilizani kwa kelele. Wanaandikiana vikaratasi."

"Hata wewe ukiongea tungependa kuandikiana vikaratasi," akasema Bibish.

Saa tano na nusu kondoo walianza kulia kwa kiu. Tursyn akasimama, akajifunga kamba chini ya makwapa.

"Ngoja kidogo," Orazaly akasema.

"Nimengoja saa moja na nusu, shemeji. Basi likichelewa hivyo, mtu anakwenda kwa miguu."

Akashuka. Orazaly alimwacha ashuke, na baadaye hilo ndilo lililomla, kwamba alimwacha.

Saa saba kamili mbingu ilipasuka. Mishindo miwili, pa-pa, karibu karibu, bila wingu wala onyo. Ngamia alipiga mateke, kondoo wakamwagika bondeni kama maharage, na kutoka kisimani ukaja mngurumo wa chini, wa kitu kizito kinachokaa mahali pake. Juu kabisa palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, na ndege yenyewe ilikuwa imekwisha kupita.

Orazaly alifika ukingoni akitambaa. Vumbi lilikuwa likipanda kama moshi.

"Tursyn! Uko hai?"

Sauti ikaja, ndogo, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi: "Niko hai nusu. Nusu nyingine sijui iko wapi."

Bibish akapiga goti palepale, akalia bila sauti.

Orazaly alishushwa kwa kamba ya pili. Magogo yaliyozuia kuta upande mmoja yalikuwa yameanguka, na mchanga ukayafuata. Tursyn alikuwa amezikwa mpaka kifuani, mikono nje, uso mweupe kwa vumbi kama mwokaji mikate. Orazaly akaanza kuchota kwa viganja. Kila alichochota, kingine kilishuka taratibu kutoka ukutani, kama maji.

"Una mikono laini, shemeji," Tursyn akasema. "Dada yangu hakuniambia."

"Nyamaza, utakula mchanga."

Redio ya Sapar ilisema na ofisi ya shamba mara tatu tu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa nane, na saa kumi na moja. Nje ya hapo ungeweza kuungua mzima na usingesikika. Ilipokaribia saa nane Orazaly alivutwa juu, Bibish akashuka kushika zamu, na wanaume wawili wakakimbilia kibandani. Msichana wa redio aliitwa Rauza.

"Karatasi ilisema saa nne!" Orazaly alimpigia kelele. "Imepita saa saba!"

"Saa nne ya Moscow, mzee. Ndege zote na treni zote zinakwenda kwa saa ya Moscow. Huko saa nne, kwenu saa saba. Hata mtoto wa shule anajua."

"Imeandikwa wapi?"

Redio ikakoroma. "Haikuandikwa," akasema Rauza, sasa kwa sauti ndogo. "Aliyeandika alidhani mnajua."

"Sisi hatupandi treni, binti yangu. Sisi tunapanda ngamia."

Sapar akamnyang'anya kidude cha kusemea, akaeleza: mtu yuko ndani, mchanga unashuka, leteni watu, mbao na msumeno. Rauza akasema lori litaondoka sasa hivi. Kilomita tisini za njia mbovu. Litafika saa kumi na mbili jioni. Kisha akasema kitu ambacho karatasi haikukitaja hata kidogo.

"Lakini itarudi. Leo leo. Inashusha abiria, inajaza mafuta, inarudi Moscow kwa njia hiyo hiyo. Kwa saa yenu itapita kwenu saa kumi na nusu."

Orazaly akainamia kidude cha kusemea. "Waambie ipite pengine. Waambie ipite polepole. Ikipiga tena, kisima kitamfunika kichwa."

Rauza akapiga simu mjini huku wao wakingoja, na Orazaly akasikia kila dakika kama kidole kinachomgonga kisogoni. Rauza akarudi.

"Wanasema polepole haiwezi. Ikienda polepole inakunywa mafuta zaidi, haifiki. Na njia haibadilishwi bila karatasi yenye sahihi tatu."

"Watie sahihi!"

"Wa kwanza yuko likizo, mzee." Alikuwa akilia sasa, yule msichana. "Muda wangu wa redio umekwisha. Nisamehe."

Walirudi kisimani, wakachimba. Orazaly chini, Sapar na Bibish na ngamia juu. Ndoo ilipanda, ndoo ikashuka. Ilipofika saa tisa na nusu Tursyn alikuwa wazi mpaka kiunoni, na hapo viganja vya Orazaly viligonga gogo. Lilikuwa limelala juu ya mapaja ya Tursyn, ncha zote mbili zimejikita ukutani. Shoka halikuwa na nafasi ya kuinuka. Alilichokoa kwa kisu, na lile gogo la mti wa jangwani, gumu kama mfupa, likatoa vumbi kidogo tu. Kwa msumeno ingekuwa kazi ya robo saa. Msumeno ulikuwa njiani, ndani ya lori.

"Saa ngapi?" aliuliza kila mara.

"Kumi kasorobo," Sapar alijibu kutoka juu. Halafu, "Kumi na dakika tano." Halafu, "Kumi na robo, mzee. Toka humo, utazikwa naye."

Orazaly alipanda. Kucha zake zilikuwa zinatoka damu. Akamshika ngamia hatamu, akaanza kufunga kamba ya Tursyn kwenye nira.

Bibish akamwelewa mara moja, akamzuia kwa mwili wake. "Hapana. Gogo liko juu yake. Utamkata."

"Ikipita atakufa."

"Na isipompata? Mchanga umetulia. Lori linakuja. Ngoja, baba, nakuomba."

"Nimengoja ndege mara moja," Orazaly akasema. "Sitangoja mara ya pili."

"Mimi ndiye nitakayemuuguza! Si wewe, si wakubwa wako!"

Sapar alitazama saa yake. Sauti ikatoka chini, ya kuchoka.

"Shemeji. Tangu utotoni umenivuta masikio. Leo nivute mzima."

Bibish akasogea. Orazaly akampiga ngamia fimbo. Kamba ikakaza, ikalia. Ngamia alirudi nyuma hatua moja, akapigwa tena, akaenda. Kutoka chini ulikuja ukelele ambao Orazaly hakuwahi kuusikia kwa mnyama wala mtu, na ndani yake mlio mwingine, mkavu. Kisha kamba ikawa nyepesi.

Walimlaza juu ya manyoya mbele ya hema lake. Mguu wa kushoto ulielekea upande ambao miguu haielekei. Wa kulia ulikuwa mzima kwa macho, lakini Bibish alipombana kidole gumba cha mguu huo Tursyn hakujua. Nyonga ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi. Alipumua kwa vipande.

"Kumi na ishirini na saba," akasema Sapar.

Wakangoja. Kumi na nusu ikafika, ikapita. Kumi na dakika arobaini. Kondoo walikuwa wamerudi na kusimama, wakitafuna. Orazaly aligeuza uso juu. Akatambua kwamba anaomba, yeye ambaye hakuwa ameomba tangu mazishi ya Kulpash, na kwamba anaomba ndege ipite. Ipite. Ipige. Ikivunje kisima chote, ili mguu ule uwe na sababu.

Mbingu ilikaa safi.

Saa kumi na moja Sapar alikwenda redioni. Alirudi akitembea polepole, akamwita Orazaly kando.

"Haikuondoka Alma-Ata. Imeharibika. Abiria wamepandishwa ndege ya kawaida."

"Wamejua tangu lini?"

"Tangu saa tisa."

"Na ofisi yetu?"

"Rauza aliambiwa saa tisa na nusu. Alituita, anasema aliita mpaka akachoka. Lakini redio yangu ilikuwa imezimwa, mzee. Haukuwa muda wetu. Betri ni za kuhesabu, wao wenyewe ndio walioagiza hivyo."

Bibish alikuwa amesikia. Orazaly alingoja amtukane, angeshukuru kutukanwa, lakini yeye alirudi kwa mumewe, akamlowesha midomo kwa kitambaa.

Tursyn akafumbua macho. "Imepita?" akauliza. "Mimi sikuisikia."

Orazaly akapiga magoti karibu naye. Alitaka kumtazama Bibish, akaogopa.

"Imepita," akasema. "Ulikuwa umezimia. Imepiga kuliko ile ya kwanza. Kisima chote kimekwenda."

"Basi uliniwahi, shemeji."

"Nilikuwahi."

Bibish akainuka. Kisima kilikuwa pale pale, hatua hamsini tu, kimesimama na miti yake na ndoo yake imening'inia, na lori likija wangempitisha Tursyn kando yake, naye angekiona. Alimchukua ngamia, akafunga kamba kwenye mhimili uliobeba ukingo mzima, maji pekee ya kondoo elfu na mia mbili, akamwongoza taratibu kuelekea bondeni.

Miti ikaitika. Ukingo ukainama, ukaingia ndani, na mchanga ukaufuata kwa muda mrefu.

"Nini hiyo?" akauliza Tursyn, macho yamefumbwa.

"Bado kinaporomoka," Orazaly akamwambia, akamfunika mabega.