Kelele za Bibi Harusi

Tangu Pasaka ipite, Mektrida alikuwa akishuka Moshi mjini kila Jumatano, na mumewe Filemon alikuwa hapati usingizi wa maana. Mwanamke wa miaka hamsini, mwenye wajukuu wanne, ghafla anapiga pasi kitenge jioni ya Jumanne, anang'arisha viatu, anaondoka Marangu kabla umande haujakauka kwenye migomba. Ukimuuliza anakujibu: "Nina mkutano wa akina mama." Mkutano gani huo usioisha? Hata Bunge huahirishwa watu wakapumzika.

Ni kweli kwamba mwaka ule, tisini na saba, semina zilizuka kama uyoga. Kila mwenye mkoba wa ngozi alikuwa na shirika lake na alitaka kukuelimisha. Filemon hakuwaamini hao, kama asivyowaamini wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja na malori yao na mizani yao wenyewe. Lakini hao walimuudhi tu. Hili la Mektrida lilimuuma.

Siku moja alipekua sanduku la mkewe. Hakujivunia, lakini alipekua. Chini ya kanga alikuta daftari la shule, na nyuma ya jalada, kwa mwandiko wa Mektrida: Martin, na namba ya simu. Martin gani? Katika ukoo mzima Filemon aliwajua Martin wawili, mmoja marehemu na mwingine padri, na hakuna kati yao aliyekuwa na simu.

Alimpelekea habari jirani yake Aminieli, wakiwa wamekaa na kata zao za mbege, pombe ya ndizi.

"Mae! Mke na daftari?" Aminieli alitikisa kichwa. "Wangu akinunua hata kalamu, mimi nalala mlangoni. Mfuate, mbe, ukaone kwa macho yako. Utakufa na kijiba cha roho."

"Na nikimkuta naye?"

"Basi utakuwa umejua." Aminieli alimwona rafiki yake amenywea, akataka kumchangamsha. "Hebu acha hayo. Tupigie kile kisa chako."

Kisa hicho hakuna asiyekijua kuanzia mtoni hadi kwenye lango la mlima. Filemon alikipiga kwenye kila harusi aliyoalikwa, na watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kwamba mwaka sitini na sita, yeye na vijana watatu walijibanza kwenye migomba karibu na mfereji, na Mektrida alipopita na ndoo ya maji wakambeba juu juu kama mkungu. Kwamba binti alikuwa na barua ya kwenda kusomea unesi, na zilibaki siku mbili tu aondoke. "Nikajiuliza, huyu akishavaa viatu vyeupe, atanitazama tena mimi?" Hapo watu hucheka. Kisha zinakuja kelele. Enzi hizo bibi harusi wa kubebwa ilimpasa alie, maana asipolia ataonekana alikuwa akingoja kubebwa. Na Mektrida, kwa maelezo ya Filemon, alilia kuwashinda wote. "Mpaka mbwa wa kule Mwika wakabweka!" Kesho yake wazee walipeleka isale kwa baba mkwe, jani lile la kuombea msamaha ambalo Mchagga halikatai, pamoja na mbege, na mambo yakaisha.

Sasa, akisimulia hayo kwa mara ya mia, Filemon alikumbuka kitu. Kwenye harusi ya binti wa Aminieli, Pasaka hiyohiyo, alipofika kwenye mbwa wa Mwika, Mektrida aliweka sahani chini, akasimama, akatoka nje. Jumatano iliyofuata ndipo alipoanza safari zake za Moshi. Machale yakamcheza Filemon: kumbe ni pale harusini! Huyo Martin alikuwa miongoni mwa wageni!

Basi akaaga kwamba anakwenda Sanya Juu kutazama mtamba wa kununua. Uongo mtupu. Aliomba lifti kwenye lori la kahawa alfajiri ya Jumatano, akafika Moshi mapema, akavuta kofia hadi kwenye nyusi na kujibanza mkabala na stendi. Mektrida aliposhuka, kijana mmoja mwenye tai alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono miwili na kumpokea mkoba. Mtoto mdogo vile! Aliwafuata hatua kwa hatua, akiwa amekunja ngumi mfukoni, hadi walipoingia kwenye ukumbi wa parokia.

Naye akaingia. Badala ya fumanizi alikuta wanawake wapatao mia mbili kwenye mabenchi, na wanaume wachache waliokaa kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Ukutani kulikuwa na kitambaa kilichoandikwa: Sauti Zetu Zifike Dodoma. Filemon alijificha nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa.

Kijana mwenye tai alisimama. "Shikamooni, mama zangu. Kwa wageni, mimi ni wakili Martin. Muswada wa sheria ya makosa ya kujamiiana uko njiani kwenda bungeni, na tunajua watakachosema: kwamba hizi ni mila, tuziache. Ndiyo maana tunakusanya ushuhuda na sahihi, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Mbunge anaweza kubishana na wakili. Ni vigumu abishane na mama yake."

Wakili! Filemon nusura acheke kwa sauti. Mzigo wa miezi yote ile ulimtoka begani, akaona haya kwa kumshuku mkewe. Alikuwa anajiandaa kunyata atoke, aende akamnunulie nyama, pale wakili aliposema, "Karibu, Mama Mektrida."

Mektrida alisimama mbele bila karatasi. Hakuwahi kusema mbele ya watu, hata kwenye jumuiya, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Nilikuwa nimechota maji," alisema. "Wanaume wanne walinibeba. Nilipiga kelele. Kaka yangu alikuwa pale juu anakata majani ya ng'ombe. Nikamwita kwa jina. Aliniona. Alinipungia mkono, akacheka. Alijua bibi harusi lazima alie. Nikamwita mama. Mama alinisikia, na baadaye aliniambia mwenyewe kwamba siku ile alijisifu kwa majirani kuwa mwanawe analia vizuri." Aliwageukia wanawake wa kwenye mabenchi. "Sasa niambieni, wenzangu. Ningepiga kelele za namna gani ili watu wajue ni za kweli?"

Filemon aliitazama sakafu.

"Walipeleka isale," Mektrida aliendelea. "Hawakuniletea mimi. Walimpelekea baba. Mimi hakuna aliyeniomba msamaha mpaka leo. Ninachotaka sheria iseme ni kimoja. Msichana akilia, amelia. Asiwepo wa kusema ni desturi tu."

"Na huyo mwanamume yuko wapi?" aliuliza mama mmoja wa mbele.

"Yupo. Ni baba wa watoto wangu."

Filemon alivuta kofia chini zaidi. Wakili alirudi mbele kueleza adhabu wanayoipigania kwa mwanamume anayemlazimisha mwanamke, na Filemon alisikia maneno mawili tu: miaka thelathini. Hakungoja mengine.

Mektrida aliporudi nyumbani alasiri, alimkuta mumewe amekaa jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa. Alimpita, akachukua kisu na beseni, akaanza kumenya ndizi.

"Nilikuwepo ukumbini," alisema Filemon.

"Nilikuona. Kofia yako naijua."

"Uliniona, na bado ukasema?"

"Ndiyo."

Filemon alikuwa amepanga kufoka. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akiyapanga maneno makali. Sasa alikuwa na hofu, hofu tupu.

"Mama Primus, unataka kunifunga? Miaka thelathini, kwa umri wangu huu?"

"Hawatakufunga, Baba Primus. Sheria hii hairudi nyuma. Itawashika watakaofanya baada ya kusainiwa. Ya zamani haiyagusi."

Filemon alishusha pumzi hadi mabega yakalegea. Akacheka, kicheko chake kilekile cha harusini, akajipiga paja. "Kumbe! Ungenieleza tangu mwanzo nisingekonda hivi. Ndivyo huyo wakili anavyowafundisha kwenye mikutano yenu?"

"Hapana, hajafundisha hilo. Nilimuuliza mimi kama aliyefanya zamani anafungwa." Mektrida alitumbukiza ndizi kwenye maji. "Siku ya kwanza niliyoshuka Moshi, hata kabla sijakaa. Ndilo jambo lililonipeleka."