Jina Lililo Chini ya Plasta

Kompyuta hiyo ya dukani kwangu niliinunua ikiwa kuukuu, na tangu siku ya kwanza hatukupendana. Ikitaka inafanya kazi, isipotaka inakukodolea macho tu. Majirani zangu wa Kitengela walizoea kunisikia nikiitukana, wakawa wananitania kwamba Kalunde ana mume mwingine dukani.

Asubuhi moja ya mwaka 2005 aliingia Nalotuesha kutoka Kisaju, amemshika mkono binti yake Seleyian. Tulisalimiana kwa Kimaasai changu cha kuokoteza. Mtoto akanisogelea, akainamisha kichwa na kungoja. Mimi ni Mkamba, lakini nimeishi na Wamaasai vya kutosha kujua kwamba mtoto wao humsalimia mkubwa hivyo, na hainuki mpaka aguswe utosini. Nikamwekea kiganja. Akainua uso, salamu imekwisha, akaenda kuketi.

Nalotuesha akafungua leso, akatoa CD.

"Mama Makau, nitolee ingine kama hii. Ni video ya harusi yetu. Baba ya huyu alienda kabla hajazaliwa, na siku hizi ananiuliza babake alikuwa anaongea aje. Sauti yake iko hapa tu. Mwenye alipiga video alishafuta yake."

"Usijali, mama Seleyian. Hiyo ni kazi ndogo."

Juu ya CD kulikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda. Nikadhani anaficha mkwaruzo. Nikaiweka kwenye trei, trei ikaingia, na kwenye skrini yakatokea maandishi: Harusi ya Metito. Sikuwahi hata kugusa kipanya. Ndani ya mashine kitu kilianza kukwaruza, kikakwaruza kwa nguvu, kisha kimya. Nikabonyeza kitufe cha kutoa. Trei ikakataa. Nikabonyeza tena na tena, na hapo hapo stima ikapotea mtaa mzima.

Nikachomoa waya ukutani. Nikanyoosha kibanio cha karatasi, nikakichomeka kwenye kile kitundu kidogo cha mbele, ambacho hufungua trei hata pasipo na stima. Nilisukuma mpaka kibanio kikapinda. Trei haikusogea.

"Hiyo plasta uliweka ya nini?" nikauliza, nikijizuia nisipaze sauti.

"Kufunika jina yake. Sisi mtu akishaenda, hatutaji jina yake tena. Na huyu ameanza kusoma. Angeiona, angeisoma kwa sauti."

Basi plasta ilikuwa imebanduka humo ndani na gundi yake imenasa kila kitu. Kwetu Ukambani mambo ni kinyume kabisa: jina la marehemu hupewa mtoto ili liendelee kuitwa. Makau wangu ana jina la baba yangu, na nyumbani linaitwa kutwa, mara nyingi kwa ugomvi. Nikamtazama Nalotuesha, machozi yanamlenga. Nikaiona sauti ya mumewe ikifia ndani ya lile bati langu, na hasira zikanipanda. Nikaizaba ile kompyuta kofi.

"Metito! Toka basi!"

Trei ikatoka.

Ilitoka polepole, bila mlio wowote, na waya bado uko mkononi mwangu. Nalotuesha akajiziba mdomo kwa kiganja. CD ilikuwa imelala pale safi, haina plasta, haina jina. Nilitaka kukimbia, lakini duka ningemwachia nani?

Stima iliporudi tuliiweka CD kwenye kompyuta nyingine, na video ikacheza vizuri. Wageni walikuwepo, na nyama, na wanawake wakiimba. Nalotuesha alikuwa amependeza na shanga zake, ameketi kando ya kiti kitupu. Wageni walipita mmoja mmoja wakikipa kile kiti mkono. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa bwana harusi atasema neno, akanyoosha maikrofoni, na pakawa kimya kirefu. Halafu wageni wote wakaangua kicheko, kama watu waliosikia utani mzuri. Bibi harusi alicheka kuliko wote, mpaka akajifunika uso.

Nalotuesha aliyekuwa karibu nami hakucheka.

"Umemwita," akasema. "Ametoka."

"Nisamehe, mama Seleyian. Nisamehe sana." Nilikuwa nalia waziwazi.

Alikunja leso yake, CD akaiacha mezani. Seleyian alikuwa ameshatoka na kusimama juani. Nalotuesha akafungua mlango, akageuka kutazama kona ambako hapakuwa na mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Maape ang." Maana yake ni twende nyumbani. Hakutoka mara moja. Alisimama ameushikilia mlango, akasogea pembeni kidogo, kama unavyompisha mtu mwenye mabega mapana.

Kule nje, Seleyian akageuka. Akatazama juu, kisha akainamisha kichwa na kungoja. Hapakuwa na mtu mbele yake. Baada ya muda akainua uso, salamu imekwisha, akatulia kama mtoto anayeambiwa jambo.

Halafu akaangua kicheko, kile kile cha wageni wa kwenye video.