Mngurumo Kutoka Kwenye Roboti

Mjukuu wangu Hénock alinifunga mkanda wa gari taratibu, akaangalia kama haunibani shingoni, kisha akaniomba nifumbe macho.

"Kambo, sikiliza tu. Halafu uniambie ukweli kama inafanana. Kama haifanani, nitaifuta kabla Mama hajaisikia."

Kambo ndiyo bibi kwetu Lubumbashi. Hapa ugenini Rosettenville ni yeye peke yake anayeniita hivyo.

Gari lilikuwa Mustang mpya, la injini ndogo. Baba yake, mwanangu André, alikuwa na Mustang ya zamani. Aliikuta Jeppestown ikiwa bodi tupu, akaifufua kipande kwa kipande. André alifariki Hénock akiwa bado anabebwa mgongoni, na gari likauzwa. Mtoto hakuwahi kujua mlio wake.

Akakanyaga mafuta. Kifua changu kikatetemeka. Ulikuwa mngurumo uleule, pamoja na kile kikohozi chake cha mwanzo. Halafu, chini ya mngurumo, mtu akasema: "Damien, unasikia? Brigitte, njoo umsalimie shemeji."

Nilifumbua macho. Ndani tulikuwa wawili tu.

"Ni ile kaseti," Hénock akasema. "Baba mdogo Damien aliitunza."

Nikakumbuka. Zamani barua zetu za kwenda nyumbani zilikuwa kaseti, na safari moja André alimrekodia mdogo wake mlio wa gari. Sasa fundi mmoja wa Doornfontein alikuwa ameuingiza mngurumo ule kwenye spika za hili jipya.

"Fundi alitaka kuondoa sauti ya Baba. Nikamwambia aiache. Inafanana?"

"Niteremshe getini," nikamwambia. "Zunguka, uje kutoka kule kwenye roboti."

Nilisimama nikingoja, nikitazama taa za barabarani, ambazo hapa huitwa roboti, zikibadilika. Gari lilikuja kama mtu anayetembea na soksi, likasimama mbele yangu karibu bila mlio. Kupitia kioo nilimwona mjukuu wangu anatabasamu, katikati ya kelele nisiyoisikia. Alikuwa amejifungia humo na marehemu.

Akashusha kioo. "Vipi?"

"Inafanana. Lakini baba yako hakuunguruma kwa ajili ya masikio yake. Akifika kwenye roboti, sisi jikoni tunajua. Mama yako anaweka maji ya kusonga bukari motoni. Wengine walisema anajionyesha. Sisi tulijua anakuja kula."

"Kwa hiyo hili ni gari la uongo."

"Sijasema hivyo, baba. Umemtafuta baba yako kwa moyo. Fungua vioo vyote, uje tena."

"Majirani watasema nimekuwa tsotsi, mhuni wa mtaani."

"Walimsema na yeye. Nenda."

Niliingia ndani. Mkwe wangu Brigitte alikuwa jikoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Alinisogezea kiti bila kuuliza nilikotoka, kama afanyavyo siku zote. Nilitaka kumwambia, nikaishia kuchambua naye.

Mngurumo ukaanza mbali, kwenye roboti, na kile kikohozi chake.

Brigitte aliinuka bila kunitazama. Akachukua sufuria, akatia maji, akaibandika na kuwasha jiko. Kisha mkono wake ukabaki palepale.

"Mama," akasema polepole, "nani anakuja?"

"Ni mtoto wako," nikamjibu, nikamshika mkono. Lakini kule getini sauti ya André ilikuwa imeshamwita Brigitte kwa jina.