Mafuta ya Tarehe

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Jana, kwa sababu kila kazi aliitaka jana. Kiwandani kwetu tunachapa kalenda na vitabu, na mimi ndiye ninayepanga kurasa kabla hazijaenda kwenye mashine. Mwaka wangu wa kwanza niliishi roho mkononi. Akiandika "Ijumaa" ubaoni, nilianza kuhesabu saa tangu Jumatatu. Chakula hakishuki, usingizi hauji, nikisikia viatu vyake nafuta mstari niliotoka kuupanga. Siku moja nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kupanga kurasa.

Aliyenitibu ni Mzee Kisu, fundi wa kukata karatasi.

"Binti yangu, utakufa kwa ajili ya Ijumaa ya uongo," aliniambia. "Mteja anataka Jumatano ijayo. Meneja anamwambia Bwana Jana Jumatatu. Bwana Jana anatuandikia sisi Ijumaa. Kila mmoja anakata kipande chake. Tarehe yoyote ina mafuta, wewe yapime tu."

Nikayapima, nikakuta kweli. Tangu hapo nikawa bingwa: nipe tarehe, nikupe ile halisi. Usingizi ukaja, chakula kikashuka. Nikaanza hata kuwacheka wafanyakazi wapya waliokimbia huku na huku na macho mekundu.

Jumatatu moja kaka yangu mkubwa akanipigia simu. Mama alikuwa amelazwa kule nyumbani, safari ya siku nzima kwa basi.

"Mdogo wangu, mama wanampasua Alhamisi saa tatu asubuhi. Anataka akuone kwanza. Fika Jumatano."

"Nitakuja, kaka."

Nikakata simu, nikapima mafuta. Kaka ni mtu wa kukuza mambo tangu utotoni. Hospitali nazo, nani asiyezijua kwa kuahirisha? Alhamisi yao, nikasema moyoni, ni Jumatatu ijayo. Na ubaoni kulikuwa na kalenda elfu tano za Ijumaa. Nikapanga vizuri kabisa: nimalize kalenda Alhamisi, nisafiri Ijumaa, nimkute mama hajaguswa. Mungu anisamehe, nilijivunia jinsi nilivyotulia.

Alhamisi saa saba mchana kaka akapiga tena. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyokuwa akipumua.

"Mama hakuamka."

Nikakaa chini, juu ya rundo la vipande alivyokata Mzee Kisu.

"Nilikwambia Jumatano," alisema kaka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. "Si nilikwambia Jumatano, mdogo wangu?"

"Nilidhani..."

Ningemwambia nini, kwamba neno lake nililipunguza kama la Bwana Jana?

Nimesharudi kutoka mazikoni. Maboksi ya kalenda yako stoo, yameshika vumbi. Mteja atayafuata mwisho wa mwezi. Bwana Jana alinipa mkono wa pole, na kabla hajauachia akaniuliza vitabu vya shule vitakuwa tayari lini. Mzee Kisu hanitazami usoni. Simlaumu. Alinifundisha kumpima Bwana Jana; kumpima mama yangu nilijifundisha mwenyewe. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mtoto sina, lakini huyo mjukuu ninaye, nalala naye na kuamka naye.

Kuna jambo kaka alinificha mpaka tulipokwisha kuzika. Saa tatu ilipofika, mama aliwaomba manesi wamsogezee mbele kwa muda wa saa moja, maana binti yake yuko njiani. Wakamwonea huruma, wakamsogezea. Saa nzima alilala pale akiutazama mlango.

Saa hiyohiyo mimi nilikuwa nakunywa chai, polepole, kwa kuwa nilijua muda upo.